Kigoma na Ujiji: Nani Alilala Nyumbani?

Ndugu msomaji, leo twende safari ya Kigoma.

Ukipanda gari moshi Dar es Salaam utapita Morogoro, Dodoma na Tabora. Ni mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Reli ikiisha utashuka, na mbele yako utaona maji. Hilo ni Ziwa Tanganyika. Duniani hakuna ziwa la maji baridi lililo refu kama hili. Hewa ikiwa safi utaiona milima ya Kongo ng'ambo.

Wageni wengi wakifika hapa hutazama ziwa. Wengine huuliza habari za meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuungwa hapa hapa Kigoma. Sisi leo tumekuja kuwatazama watu. Tunataka kujua wako wangapi, na wanakaa vipi majumbani mwao.

Tuanze na hesabu. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ulikuwa usiku wa sensa. Sensa ni kuwahesabu watu wote wa nchi. Manispaa ya Kigoma Ujiji ilikutwa na watu 232,388. Soma polepole: laki mbili, elfu thelathini na mbili, mia tatu themanini na nane. Mkoa mzima wa Kigoma ulikuwa na watu 2,470,967. Hiyo ni milioni mbili, laki nne, elfu sabini, mia tisa sitini na saba.

Kwa hiyo, kati ya kila watu 10 wa mkoa huu, mmoja tu hivi anakaa katika manispaa. Tisa wako Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe, Uvinza na katika vijiji vya Wilaya ya Kigoma.

Mwaka 1967 watu wa mkoa huu hawakufika laki tano. Mwaka 1988 walikuwa kama laki nane na nusu. Kufika mwaka 2002 walikuwa wamepita milioni moja na laki sita. Karibu mara mbili katika miaka 14! Sehemu ya ongezeko hilo ni watoto waliozaliwa. Sehemu nyingine ni wakimbizi waliokimbia vita Burundi na Kongo.

Lakini tazama jambo hili. Mwaka 2012 manispaa ilikuwa na watu 215,458. Katika miaka 10 iliyofuata waliongezeka watu 16,930 tu. Kwa kila watu 100 waliokuwapo, wameongezeka 8. Mkoa kwa jumla uliongezeka watu 16 kwa kila 100. Na Tanzania nzima? Watu 37 kwa kila 100.

Utashangaa. Kigoma ni mkoa wenye uzazi mkubwa. Mbona mji wake umeongezeka kidogo hivyo?

Ndugu msomaji, idadi ya watu ni kama maji katika mtungi. Watoto wakizaliwa, maji yanaingia. Watu wakifa, yanatoka. Lakini mtungi huu una tundu jingine, nalo ni watu kuhama. Wazee wa Kigoma wanalijua sana jambo hilo. Wakati wa ukoloni vijana wa hapa walichukuliwa manamba kwenda kukata mkonge Tanga, na wengine hawakurudi. Leo hakuna manamba, lakini kijana wa Gungu au Bangwe unaweza kumkuta Kariakoo akiuza nguo.

Wengine hawaendi mbali. Mtu ana duka Mwanga, katikati ya manispaa. Amepata kiwanja Mwandiga, kwenye barabara ya kwenda Kasulu, akajenga. Mwandiga ni Wilaya ya Kigoma, si manispaa. Mchana mtu huyo yuko mjini. Usiku yuko Mwandiga, na sensa inamhesabu kule alikolala. Ukisimama Mwandiga leo ukaona nyumba za matofali na bati zilivyosongamana, usidhani mji umesimama. Mji umevuka mpaka wake, basi.

Sasa tupande kilima kutoka stesheni, tupite Mwanga, tuteremke hadi Ujiji. Kwa miguu ni kama saa mbili.

Ujiji ni mji wa zamani. Kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, Ujiji ndiyo iliyokuwa na jina. Misafara kutoka Bagamoyo iliishia hapa. Ilileta nguo na shanga, ikaondoka na pembe za ndovu, na watumwa pia. Wazungu Burton na Speke walifika mwaka 1858. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa. Lakini wenye mji walikuwapo kabla yao. Walikuwa Waha na Wajiji, na Wamanyema waliovuka ziwa kutoka Kongo, na Waswahili na Waarabu waliotoka pwani. Wajukuu wao wameoana. Ukimuuliza mtu wa Ujiji kabila lake, atakutajia la baba, kisha la mama, kisha la bibi, na mwisho atacheka. Karani wa sensa haulizi kabila. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo iliyouliza mara ya mwisho.

Ingia sasa katika nyumba moja ya Ujiji. Ina ukumbi mrefu katikati, na vyumba kushoto na kulia. Nyuma kuna ua. Uani kuna meko matatu, na juu ya kila moto kuna chungu. Je, hapa pana watu wa kaya ngapi?

Usihesabu milango. Tazama vyungu. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Nyumba ni moja, lakini wapangaji wa chumba cha mbele wanapika chao, mwenye nyumba anapika chake, na kijana wa chumba cha nyuma anajipikia ugali wake peke yake. Hapo pana kaya tatu. Huyo kijana mmoja naye ni kaya kamili.

Mwaka 2022 kaya moja ya Tanzania ilikuwa na watu 4.3 kwa wastani. Mwaka 2012 wastani ulikuwa 4.7. Kaya za Kigoma ni kubwa kuliko wastani huo. Neno "wastani" lisikutishe. Tuseme nyumba yetu ina kaya ya watu 8, kaya ya watu 6 na kaya ya mtu 1. Jumla ni watu 15. Gawa kwa kaya 3, unapata 5. Wastani ni 5, lakini katika nyumba hiyo hakuna hata kaya moja yenye watu 5! Kwa hiyo ukisikia wastani, uliza pia: nani ana wanane, na nani yuko peke yake?

Mkuu wa kaya naye si lazima awe mwanamume. Baba akienda kukaa Mpanda miaka miwili akalima huko, mama anayebaki na watoto ndiye mkuu wa kaya. Nimeona akina mama wanaona haya kulisema hilo. Wanamtaja mume asiyekuwapo. Matokeo yake baba anahesabiwa Mpanda, kisha anahesabiwa tena Ujiji, na mama anayelisha nyumba haonekani kuwa ndiye anayeilisha.

Kuna na jambo la wageni. Kigoma ni mkoa wa mpakani. Mwezi Mei 2015 Warundi maelfu kwa maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilicho pembeni mwa ziwa, karibu na mpaka. Meli ya Liemba ndiyo iliyowavusha hadi Kigoma, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Watu wa mwambao wamezoea kupokea ndugu na wageni, na wamezoea pia kuogopa kuulizwa habari zao. Sensa huhesabu kila mtu aliyelala nchini usiku ule, raia na asiye raia. Karani anakula kiapo cha kutunza siri. Sheria ya Takwimu inamkataza kutoa habari za mtu kwa mwingine. Mgeni aliyefichwa chumbani anakula na kunywa maji kama wengine, ila kwenye hesabu hayumo.

Tufike sasa ziwani, kwenye mwalo wa Katonga au Kibirizi. Hapa ndipo hesabu inapoweza kuharibika zaidi.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Jioni mitumbwi huondoka na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na za jua zimeingia. Samaki huifuata taa, wavu huwazunguka. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti samaki, na wavuvi hupumzika. Sasa kumbuka usiku ule wa Agosti 2022. Mwezi ulikuwa unaishia. Ulichomoza usiku wa manane umekwisha kupita, tena mwembamba. Ulikuwa usiku wa dagaa. Wanaume wengi wa mwambao hawakulala vitandani mwao.

Nakupa mfano wa kaya moja. Karani anapiga hodi asubuhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani."

"Bibi, katika kaya hii walilala nani usiku wa kuamkia leo?"

"Mimi, na mke wa mwanangu, na wajukuu wanne."

"Na mwanao?"

"Mwanangu hakulala. Amekesha ziwani."

Bibi amesema kweli. Mtu aliyekesha hakulala! Lakini kwa sensa, mvuvi aliyekuwa kazini usiku na kurudi asubuhi anahesabiwa katika kaya yake, sawasawa na mlinzi au muuguzi wa zamu ya usiku. Aliyelala kambini ufukweni, yeye anahesabiwa huko huko kambini.

"Basi naye aandikwe, bibi. Na nani analia chumbani?"

"Ah, huyo bado. Ana siku tatu. Hata jina hajapewa."

Aliyezaliwa kabla ya usiku wa sensa anahesabiwa, awe na jina au asiwe nalo. Bibi alitaja watu 6. Kumbe wako 8.

Watu wawili si wengi. Lakini mtaa ukiwa na kaya 100, na kila kaya ikasahau wawili, wamepotea watu 200. Serikali ikipanga madarasa, visima na dawa za zahanati, hutazama hesabu ya watu. Mtoto wa siku tatu atahitaji chanjo wiki hizi, na dawati baada ya miaka sita. Na Watanzania wenyewe ni vijana: mwaka 2022, kati ya kila watu 100, zaidi ya 40 walikuwa na umri usiofika miaka 15.

Mwaka 2022 karani alikuja na kishikwambi badala ya karatasi. Sensa ilipokwisha vishikwambi vilipelekwa kwa walimu. Lakini kishikwambi hakimwoni mtu asiyetajwa. Anayemtaja ni yule aliyeketi mkekani.

Turudi kwa bibi. Wakati karani anaandika, mlango wa ua unafunguliwa. Mwanawe anaingia na beseni la dagaa, macho mekundu kwa kukesha.

"Nimeambiwa hukulala," karani anamwambia.

"Nilale wapi, ndugu yangu, na usiku ulikuwa giza?"

Bibi anacheka. Anampa karani kiganja cha dagaa, na kumtuma mjukuu mmoja akamwite mama yake atoke na mtoto.