Ujumbe Uliotangulia Ukweli

"Kaka, simu yangu imeniambia nimepata kitanda. Mbona kina mtu?"

Aliyeniuliza ni dada wa mwaka wa kwanza. Alisimama nje ya ofisi ya malazi, godoro limekunjwa, sanduku la bati miguuni. Sikuwa na pa kujificha, maana ujumbe ule ulitumwa na programu niliyoiandika mimi.

Mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kugawa vitanda vya hosteli, mradi wetu wa mwaka wa tatu. Ofisi ikakubali tuujaribu kwenye bloku moja. Kwa kawaida tovuti ni kama dirisha la ofisi: unauliza, unajibiwa, mmemalizana. Ukitaka habari mpya unarudi kuuliza, unarifreshi ukurasa mpaka bando linakata. Soketi ni tofauti. Mlango unabaki wazi, na seva inakuambia jambo bila wewe kuuliza. Tukasema hii ndiyo yenyewe: wadeni abonyeze "gawa", mwanafunzi aone papo hapo.

Tulitumia Node.js, Express na Socket.IO. Soketi tuliianzisha kwenye faili kuu, lakini ombi la wadeni lilipokelewa kwenye faili la ruti. Nikaliambia faili la ruti lichukue soketi kutoka faili kuu, wakati faili kuu nalo lilikuwa linasubiri faili la ruti. Kila moja likamngoja mwenzake, mimi nikaambulia patupu na maandishi mekundu skrini nzima. Usiku wa pili mwenzangu akasema, "Mzee, si uiweke kwenye app yenyewe?" Mistari miwili tu: app.set('io', io) kwenye faili kuu, req.app.get('io') kwenye ruti. Saa nane usiku ujumbe ukatua kwenye simu zetu tatu kwa mpigo. Tulipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Spidi ile ndiyo iliyoniponza. Ili ujumbe ufike haraka zaidi, niliuweka juu kabisa kwenye ruti, kabla ya mstari wa kuhifadhi kwenye kanzidata. Mwenzangu akauliza, "Na kanzidata ikikataa je?" Nikamjibu, "Haitakataa, bwana."

Siku ya majaribio, wadeni wawili walibonyeza kitanda kimoja karibu kwa wakati mmoja. Kanzidata ilifanya kazi yake. Ilimpokea wa kwanza, ikamkataa wa pili, kwa sababu kitanda kimoja hakiruhusiwi kuwa na majina mawili. Wadeni wa pili aliona kosa kwenye skrini yake. Lakini "Hongera, umepata kitanda" ilikuwa imeshafika kwa wanafunzi wote wawili, na ujumbe wa soketi ukishaondoka, umeondoka.

Yule dada alikuwa ameshamuaga shangazi yake Mbagala, ameshalipa na bajaji. Nilimwomba radhi pale pale. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliuliza tu, "Sasa nalala wapi?" Usiku ule alibebwa na rafiki yake, akaendelea kubebwa siku 9 mpaka kitanda kikapatikana.

Marekebisho hayakuchukua hata nusu saa. Hifadhi kwanza, subiri kanzidata ikubali, ndipo utume. Awali tulikuwa tunatangaza kwa simu zote, kila ukurasa unajichujia ujumbe wake. Sasa kila mwanafunzi tukampa chumba chake cha soketi, ujumbe uende kwa mhusika peke yake. Na kwa kuwa simu iliyokatika mtandao inaukosa ujumbe, ukurasa ukiunganika tena unauliza kanzidata kwanza. Soketi kazi yake ni kupiga mbiu. Daftari ni kanzidata.

Kwenye ripoti niliandika kisa chote, jina la dada yule nikaliacha. Alama zilikuwa nzuri, sikatai. Ila mpaka leo nikiona mtu kwenye grupu anaandika "boom limeingia" na hata akaunti yake hajaifungua, nalikumbuka lile sanduku la bati. Kuna mtu atausoma ujumbe huo, aende kwa mama ntilie kukopa chakula akijua kesho atalipa.

Angalia salio kwanza, ndugu yangu. Halafu ndiyo utuandikie.