Kaluvu ya Thome

Nyumbani kwa babu yangu mzaa baba, upande wa Kasikeu, kaluvu, pombe ya asali ya Wakamba, ilipikwa palipokuwa na shughuli tu: ntheo (mbuzi wa posa) ya binti wa ukoo, kesi ya mpaka wa shamba, kijana aliyetaka kujenga boma lake, au mvua iliyokawia hadi wazee wakaona hawana budi kuketi. Siku nyingine zote vibuyu vilining'inia darini juu ya moshi. Nazungumzia miaka ya mwisho ya sitini na mwanzo wa sabini, wakati sisi watoto tulikwenda Sultan Hamud kwa miguu kutazama garimoshi.

Kazi ilianza na asali. Babu alikuwa na mizinga kwenye migunga ya bondeni, na kila alipokwenda kurina alitenga sehemu ya kaluvu kabla ya kugawa ya kula. Asali ilipokuwa haba, miwa ililetwa kutoka mabonde ya Kilungu, kwa maana kwetu ni nchi kavu na muwa hauoti bila mto. Wanawake waliitwanga kwenye kinu, maji yake yakakamuliwa kwa mkono. Kisha ikatolewa miatine. Hayo ni matunda ya muatine, mti ambao Waswahili wa pwani huuita mvungunya. Tunda lake ni refu, gumu na zito, na bichi halifai kuliwa. Hupasuliwa, hukaushwa, huchemshwa, halafu hulowekwa katika maji ya asali na kuanikwa juani, tena na tena, mpaka chachu ikae ndani ya nyuzi zake. Likishafunzwa hivyo hutumika miaka mingi. Babu alikuwa na miatine aliyoachiwa na baba yake, na aliitunza ndani ya kifuko cha ngozi ambacho hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa. Kibuyu kililala kando ya moto usiku kucha, mtu akikesha nacho ili joto lisizidi wala lisipungue, na kesho yake alasiri pombe ilikuwa tayari, ikitoa povu.

Ilinywewa thomeni, uwanja wa mbele ya boma walikoota moto wanaume. Kila mzee alijua pa kukaa. Mwenye boma alimwaga kidogo chini kwa ajili ya aimu, wazee waliotangulia, kisha akaonja mbele ya wote ili kila mtu aone kwamba kilichomo hakina ubaya. Ndipo kata ikaenda kwa mkubwa kuliko wote, ikashuka polepole kwa umri. Vijana walioa na kuzaa watoto wawili watatu bila kuonja. Walichinja mbuzi, wakakata kuni, wakasikiliza. Siku moja nilimuuliza babu, "Umau, mimi nitakunywa lini?" Akanijibu bila kucheka: "Siku watu watakapokuja hapa kumposa binti yako, mjukuu wangu."

Nimeeleza mambo haya kwa urefu kwa sababu watu wanaoitaja pombe ya kienyeji leo huizungumzia kama kinywaji tu. Kaluvu ilikuwa na malango. Umri ulikuwa lango, shughuli ilikuwa lango, mwenyeji aliyejulikana kwa jina na ukoo alikuwa lango. Hata nyuki walikuwa lango, maana asali ina msimu wake. Na pombe yenyewe haikukubali kuwekwa. Ikikaa siku chache inachacha na kuwa kali mno, kwa hiyo iliyopikwa kwa ajili ya kikao iliishia kikaoni.

Ulevi haukukosekana. Nilimwona mzee mmoja akibebwa kwenda kwake, na asubuhi akaja kulipa faini ya mbuzi kwa matusi aliyoyatoa. Lakini mbuzi huyo alilipwa pale pale thomeni, mbele ya wale wale waliotukanwa.

Kanisa lilikuwa limeshafika zamani. Africa Inland Mission ilianza kazi yake Ukambani mwaka 1895, na kituo chake cha kwanza kilikuwa Nzaui, katika Makueni hii hii. Mafundisho yake kuhusu pombe hayakuwa na utata: mshiriki hanywi. Mama alikuwa wa AIC, kanisa lililotokana na misheni hiyo, tangu utotoni, na baba alipobatizwa aliacha kaluvu kabla hata hajafikia umri wa kuinywa. Jambo ninalolikumbuka kwa heshima ni kwamba hakuacha thome. Aliketi na wazee akiwa na kikombe cha chai, na neno lake lilihesabiwa. Kwa hiyo siwezi kusema kanisa ndilo lililovunja kikao kile, ingawa nimewasikia wengi wakisema hivyo.

Mimi naiweka lawama kubwa kwenye sukari ya dukani. Sultan Hamud ni mji wa reli, uliopewa jina la Sultan Hamud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, njia ile ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa. Baada ya reli yakaja maduka, halafu barabara kuu na malori yake. Hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili, Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kununua bia ya chupa; aliporuhusiwa, bei yake ilimpita kibarua. Sasa kibarua na turnboi wa lori wakawa na shilingi mbili tatu na usiku mrefu wa kungojea. Mtu akagundua kwamba miatine ukiitia kwenye maji ya sukari itachachua vilevile, bila mzinga, bila muwa, bila msimu. Pombe ya namna hii inaweza kupikwa Jumatatu na kuuzwa Jumanne. Wanawake wajane wa mjini waliipika hivyo, wakasomesha watoto kwayo, na mimi siwalaumu hata kidogo. Lakini kuanzia hapo mnywaji hakuhitaji kuwa mzee, wala hakuhitaji kualikwa. Alihitaji sarafu.

Kisha ikaja serikali. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, na pombe nyingine za kienyeji zikawa za vibali na misako. Msako unapokuja usiku hautofautishi kati ya mtungi wa chang'aa na kibuyu cha ntheo, vyote humwagwa. Wazee wa kwetu wakaanza kupika kwa kujificha, na kitu kinachofanywa mafichoni hakiwezi kufanywa polepole. Kata haikuzunguka tena kwa umri. Kila mmoja alimeza chake akaondoka kabla ya giza.

Babu alifariki katika miaka hiyo. Miatine yake sijui ilikwenda kwa nani.

Miaka iliyofuata naipita haraka, maana inajulikana. Mwaka 2004 ilikuja Senator, bia ya mapipa iliyopunguziwa ushuru ili iwavute watu kutoka kwenye pombe haramu, na baa za Sultan Hamud zikajaa magilasi makubwa. Mwaka 2010 sheria mpya, ile watu waliyoiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, ikafuta marufuku ya chang'aa, ikataka pombe iwekwe kwenye chupa yenye maandishi, ikapanga saa za baa. Kaluvu, ambayo haiwezi kutiwa chupani ikakaa, haikupata nafasi humo. Halafu Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli ikaua makumi ya watu Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na kwingineko, na kuwapofusha wengine. Nilikwenda kwenye mazishi. Nilimfikiria mwenye boma aliyekuwa akionja mbele ya wageni, na nikaona tulikuwa tumebomoa nini.

Miaka michache baadaye nilimtembelea mpwa wangu anayefanya kazi Ujerumani, mjini Munich, na kwa kuwa ilikuwa Septemba akanipeleka kwenye sherehe ya bia ya Oktoberfest. Tulikwenda sehemu yake ya kusini, Oide Wiesn, iliyoanza mwaka 2010 kwa ajili ya wanaotaka sherehe ya kizamani. Ndani ya hema kulikuwa na meza ndefu na mabenchi, bendi ya tarumbeta, vijana wakicheza ngoma za vijijini mwao, wazee waliovaa suruali fupi za ngozi wakiwa wameketi na wajukuu. Bia ililetwa kwenye magi ya udongo ya lita moja. Mpwa wangu alinieleza kwamba watoto chini ya miaka sita hutolewa hemani ifikapo saa mbili usiku, na kwamba kwenye mahema makubwa muziki hupunguzwa hadi jioni ili watu wazima waweze kusikilizana. Sherehe yote ilizaliwa na arusi: mwaka 1810 mwana wa mfalme wa Bavaria, Ludwig, alimwoa Therese, na watu wa mji wakaalikwa kushangilia uwanjani. Nilipolisikia hilo niliona niko na watu ninaowafahamu. Watawala wa nchi ile walitunga sheria ya bia mwaka 1516, wakataja kinachoruhusiwa ndani yake, shayiri, hopi na maji, na bei ya kuiuzia. Walioandika sheria ile walijua bia inavyopikwa. Hilo ndilo lililoniuma.

Najua pia ni biashara kubwa; wageni milioni sita hawaji kwa mwaka bila mtu kuhesabu fedha. Lakini mzee aliyeketi mbele yangu alikunywa lita yake moja kwa karibu saa tatu, akizungumza.

Binti yangu alipoposwa, wageni walileta mbuzi wa ntheo kama ipasavyo, pamoja na kreti za soda na bahasha iliyoandikwa "pombe ya wazee". Tuliipokea, tukagawana pesa. Mzee wa mbai (ukoo wetu) aliyekuwa kando yangu, aliyepita miaka themanini, aliishika noti yake kwa muda kisha akaniuliza kama kuna mtu Kasikeu anayejua bado kufunza miatine. Nilimwambia nitauliza.

Nimeuliza. Wapo, wachache, na wanaogopa. Chini ya Katiba ya 2010 leseni za pombe ni kazi ya kaunti, kwa hiyo jambo hili haliko Nairobi. Liko Wote, makao ya kaunti yetu, kwa madiwani wetu. Ninachotaka kwao ni kifungu kimoja: boma lenye ntheo liruhusiwe kupika kaluvu ya asali kwa siku moja, kwa jina la mwenyeji, mbele ya wazee wanaojulikana, bila kuuza hata kata moja. Mwenyeji aonje kwanza, na likitokea baya aulizwe yeye. Barua nimeiandika, na wazee watano wa mbai yetu, wawili kati yao wa AIC, wametia sahihi.