Ruta ya Pili

Simu inapoandika kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti, wengi huona inajipinga yenyewe. Haijipingi. Inaeleza mambo mawili ambayo tumezoea kuyachanganya: kwamba imekaribishwa ndani ya nyumba, na kwamba nyumba hiyo haina njia ya kutokea. Mawimbi ya waifai yanatoka kwenye ruta iliyo hatua chache kutoka ulipokaa. Yakijaa, yamejaa kutoka hapo tu. Ng'ambo ya ruta hayakuahidi kitu.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu tulipofunga ruta ya pili nyumbani kwa mama, Tanga. Nyumba ni ya zamani, kuta zake nene, na vyumba vya uani anakolala binti wa mdogo wangu, mwanafunzi wa chuo, viko mbali na sebule. Ruta ya faiba iko sebuleni, karibu na luninga. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi, lakini ukuta huyachosha upesi. Ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi, ila kwetu hata hayo yalifika uani yamedhoofika. Mdogo wangu akanunua ruta nyingine, tukapitisha waya wa mtandao darini. Waya wa namna ile hutegemewa hadi mita 100, na wetu haukukaribia hata nusu. Tukawasha. Taa zikawaka, jina la mtandao likaonekana, neno la siri likakubaliwa. Intaneti hakuna.

Hukumu zikatoka kabla ya uchunguzi. Mdogo wangu akasema dukani kauziwa bandia. Binti yake akasema waya umekatika darini. Mama, aliyekuwa anachambua mchele, akasema kampuni imekata kwa sababu tumeongeza kifaa bila kuwaomba. Kila hukumu ilikuwa na mshtakiwa wake, na wala hapakuwa na mshtakiwa aliyekuwepo kujitetea.

Mimi naamini katika kuanzia kwenye chanzo na kusogea hatua kwa hatua, ukigusa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukigusa viwili na mambo yakatengemaa, hutajua kilichotengeneza. Yakiharibika zaidi, hutajua kilichoharibu. Tukachomeka kompyuta kwenye ruta ya sebuleni: intaneti ipo. Kampuni ikatoka kwenye tuhuma. Tukaenda uani, tukauchomoa waya kwenye ruta mpya na kuuchomeka kwenye kompyuta moja kwa moja: intaneti ipo. Waya nao ukatoka. Kisha kompyuta ikaunganishwa na ruta mpya yenyewe. Ikapewa anwani bila kuchelewa, ukurasa wa mipangilio ukafunguka vizuri. Kila kitu kilikuwa kizima kikiwa peke yake, na vikikaa pamoja havifanyi kazi.

Tukatazama anwani. Kama ingeanza na 169.254, tungejua kwamba kompyuta ilisubiri kugawiwa, haikugawiwa, ikajitungia ya kwake. Hapo tungemtafuta mgawaji. Yetu ilianza na 192.168.1, na jibu lilikuwa hapo hapo. Ruta ya sebuleni inajitambulisha kwa 192.168.1.1. Ruta mpya, kama ilivyotoka kiwandani, nayo inajitambulisha kwa 192.168.1.1.

Kundi hilo la anwani limeandikwa rasmi tangu 1996 kuwa la mitandao ya ndani: nyumba yoyote duniani inaweza kulitumia bila kumwomba mtu. Jirani yako pengine anatumia anwani hizo hizo na hamgongani kamwe, kwa kuwa hazivuki mlango. Uhaba ndio uliosukuma mpango huu. Mfumo wa zamani wa anwani za intaneti una nafasi kama bilioni 4.3 tu, na hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Kwa hiyo simu, luninga na kompyuta za nyumba nzima hutoka nje kwa anwani moja inayobebwa na ruta, na ruta ndiyo inayokumbuka jibu lipi ni la nani. Mpango ni mzuri, na umetusaidia wengi. Lakini ukiweka ruta ya pili nyuma ya ya kwanza, ikapokea 192.168.1 kwa mlango wake wa nje huku ikigawa 192.168.1 kwa ndani, haiwezi tena kutofautisha ndani na nje. Ombi linalotakiwa kuondoka linabaki linazunguka nyumbani. Baadhi ya ruta hugundua mgongano huo na kujibadilisha zenyewe. Yetu haikuwa miongoni mwa hizo.

Tungeirudisha dukani ingekuwaje? Muuzaji muungwana angetupa nyingine ya aina ile ile, ikiwa na 192.168.1.1 ile ile. Taa zingewaka, intaneti isingekuwepo, na safari ya pili tungekwenda na maneno makali zaidi. Ndicho ninachokiona katika nyumba ambazo dada wa kazi hawakai. Anaondoka mmoja akiitwa mvivu, anakuja mwingine anaitwa mkaidi, wa tatu anaitwa mjeuri. Ukikaa hapo alasiri moja utasikia baba akiagiza hivi, mama akitengua, na bibi akiwa na utaratibu wake kuanzia jikoni. Msichana amesimama katikati, hajui ombi la nani ndilo la kupeleka. Akija mwingine kesho atasimama pale pale. Binti wa watu anarudishwa kwao na sifa mbaya asiyostahili, na hilo linaniuma.

Suluhisho la ruta lina njia mbili, na inategemea nani anakaa uani. Angekuwa mpangaji, tungeipa ruta ya pili 192.168.2.1 na kuiacha igawe anwani zake. Intaneti ingepatikana, na kungekuwa na mitandao miwili ambayo vifaa vyake havionani kirahisi. Lakini anayekaa uani ni mjukuu, na jioni hupenda kurusha filamu kutoka simu yake hadi luninga ya bibi yake. Tukataka mtandao mmoja. Tukaipa ruta mpya 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha ile ya kwanza haigawi namba hiyo kwa kifaa kingine. Tukazima ugawaji wake wa anwani. Tukauhamisha waya kutoka tundu la nje hadi mojawapo ya matundu ya ndani. Intaneti ikafika uani papo hapo.

Ruta ya uani haikupunguziwa nguvu hata kidogo. Inarusha mawimbi yale yale, inafika kila pembe isiyofikiwa na ya sebuleni, na bila hiyo binti hasomi usiku. Kilichokoma ni kugawa anwani tu.

Nasi tuliwahi kugongana hivyo: baada ya baba kufariki, sisi watoto watatu tulikuwa tunamwelekeza mama kuhusu dawa zake za shinikizo la damu. Mmoja anapiga simu alfajiri kumkumbusha anywe. Mwingine amesikia kwa daktari aliyemwamini kwamba zinywewe usiku. Wa tatu anataka abadilishiwe kabisa. Upendo haukupungua kwa yeyote, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mama, asiyependa kumkwaza mwanawe, alikuwa anamwitikia kila mtu ndiyo. Mambo yalitulia tulipokubaliana kwamba dada yetu mkubwa ndiye anayeingia naye kliniki, na anachosema daktari wa kliniki hiyo kinatufikia kupitia kwake. Mdogo wangu analipia dawa. Mimi nampeleka na kumrudisha, na njiani tunazungumza mambo mengine. Tangu hapo simu zetu kwake zimekuwa za salamu na habari, jambo ambalo naamini alikuwa amelikosa.

Chini ya ruta ya uani tumebandika karatasi yenye 192.168.1.2 na tarehe ya kubadilisha, maana fundi atakayekuja atafungua 192.168.1.1 kwa mazoea na kujikuta anabadilisha mipangilio ya sebuleni. Nanyi mnaouza vifaa hivi nawaomba sana: mteja akija kununua ruta, muulizeni kama nyumbani ana nyingine, na mwonyesheni namna ya kubadilisha anwani kabla hajaondoka dukani.