Fukuto la Singapore na Bangkok

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kabla ya safari niliwacheka walionionya juu ya joto la Singapore. Kwa kweli kwa kipimo halizidi sana la kwetu. Lakini sisi tuna upepo wa bahari. Kule, kilomita 137 tu kaskazini ya ikweta, nilitembea saa nzima pasipo kuona jani likitikisika. Jasho halikauki, kwa kuwa hewa imekwisha kushiba maji, na usiku hauleti nafuu. Ukiingia dukani, mashine za kupoza hewa hukutetemesha. Ukitoka, miwani hufunikwa na mvuke. Marehemu Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa kwanza wa nchi ile, alizisifu sana mashine hizo, akaanza kuziweka katika ofisi za serikali. Mimi niliona ni anasa.

Kisha nikafika Bangkok mwezi wa Aprili, ambao huko ndio wa joto kali kupita yote. Adhuhuri niliwakuta wachuuzi wamelala kivulini, nikaandika katika daftari langu kwamba ni wavivu. Haukupita muda nikaanguka njiani kwa kizunguzungu. Aliyeniinua ni mama mmoja wa wachuuzi wale wale. Alinimwagia maji kichwani, akaninywesha dafu, akakataa fedha. Kijana aliyejua Kiingereza akanieleza kuwa mama huyo huamka kabla ya alfajiri kwenda sokoni, na hupika mpaka usiku.

Ukurasa ule wa daftari ningali ninao.