Vitabu vya Mieleka kwa Watu wa Mashairi

Malenga wenzangu, hapa tumezoea kupendekezeana diwani, tenzi na kamusi. Leo napendekeza vitabu vya mieleka. Sisemi mieleka ya Olimpiki, ambayo alama huhesabiwa na mshindi hajulikani mpaka mwisho. Nasema ile ya kwenye runinga, ya majitu yenye mikanda inayong'aa na majigambo yaliyotungwa, ambayo matokeo yake huamuliwa kabla ya kengele kulia. Hapa Bariadi, siku ambazo hakuna mpira wa Ulaya, hiyo ndiyo hujaza vibanda umiza, na vijana ambao sijapata kuwaona na kitabu mkononi hukutajia nasaba ya mabingwa wake kwa ufasaha wa mtambaji.

Swali la watu wazima huwa moja daima: kwani ule si uongo? Vitabu vilivyo bora juu ya mieleka hulikataa swali hilo, na nadhani msemaji wa Kiswahili anaweza kulikataa upesi zaidi kuliko waandishi wake. Tazameni neno letu mchezo. Mpira ni mchezo. Tamthilia ni mchezo wa kuigiza. Bao huchezwa, karata huchezwa, ngoma huchezwa. Wavulana wanaokamatana machungani twasema wanapigana mieleka. Wale wa runingani, mara nyingi nasikia watu wakisema wanacheza mieleka. Kitenzi kimekwisha kutenganisha mambo mawili ambayo Wamarekani wameyabishania vizazi na vizazi, kama ni spoti au ni maigizo. Mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon, wakati huo ikiitwa WWF, ilikwenda mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kusema kwamba kazi yake ni burudani, ili iondokane na usimamizi wa tume ya michezo na gharama zake. Kwetu hoja hiyo isingekuwa na maana. Mchezo ni mchezo.

Lakini lugha hiyohiyo inao usemi wa pili: si mchezo. Mama anayejifungua, mkulima wa pamba anayengoja malipo, mtu anayechimba kisima kwa sururu, hao twasema shughuli yao si mchezo. Basi nimevipima vitabu nitakavyovitaja kwa mizani hiyo. Je, mwandishi anajua mahali ambapo mchezo unakoma na si mchezo unapoanza?

Kipimo hicho nilikipata kwa mjomba wangu, kabla ya kukutana na kitabu chochote. Yeye alikuwa Mgalu. Kwa msomaji asiyetoka Usukumani nieleze kidogo: ngoma zetu za mashindano zina vyama viwili vikuu, Wagika na Wagalu, na masimulizi yanavirudisha kwa mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi mawili hukutana uwanja mmoja na kucheza wakati uleule, hili upande huu, lile upande ule. Hakuna majaji wenye karatasi. Watazamaji hupiga kura kwa miguu: wakikukimbia kwenda kwa mwenzako, umeshindwa. Kwa hiyo kila kundi huandaa vishawishi vyake. Kuna sanamu za mbao zinazotikisika, kuna wanaocheza na nyoka, kuna mafumbo ya kumchoma hasimu, na kuna dawa ya kuvuta watu, ambayo kiongozi huifuata mbali na kuilipia. Hata hapa mjini, katika tamasha la Simiyu Jambo, Wagika na Wagalu wamewahi kupambanishwa sambamba na mbio za baiskeli.

Niliwahi kumwuliza mjomba kama dawa ile ilikuwa ya kweli. Akanijibu, "Mpwa wangu, watu walikuja, hawakuja?" Kisha akainama kuyakanda magoti yake. Magoti yale yalikwisha kabla yeye hajatimiza miaka hamsini, na ng'ombe waliouzwa kwa ajili ya ngoma shangazi zangu walikuwa wanawahesabu kwa majina hata msibani kwake.

Sasa vitabu.

Cha kwanza, na ndicho ningeanza nacho, ni Have a Nice Day! cha Mick Foley, kilichotoka mwaka 1999. Foley alikuwa mwanamieleka mnene, asiye na sura ya shujaa, aliyefahamika kwa majina kadhaa ya ulingoni, Mankind likiwa mojawapo. Wachapishaji walimpa mtu wa kumwandikia. Alipoona kurasa za mwanzo alizikataa, akachukua madaftari na kalamu, akaandika mwenyewe kwa mkono mamia ya kurasa, vyumbani mwa hoteli na ndani ya ndege. Kitabu kikapanda hadi kileleni mwa orodha ya gazeti la New York Times. Sisi tunaosubiri utulivu ndipo tutunge, na tuone haya.

Anasimulia jinsi alivyokuwa akiendesha gari kutoka chuoni kwenda Pennsylvania kila mwisho wa juma kujifunza kuanguka, akilala humo humo garini. Kujifunza kuanguka: hayo ndiyo masomo ya mwanzo ya mieleka. Anasimulia jioni ya Munich mwaka 1994, shingo yake iliponaswa katikati ya kamba za ulingo na sehemu kubwa ya sikio lake la kulia ikang'oka, pambano likaendelea. Anasimulia pia tarehe 28 Juni 1998 mjini Pittsburgh, alipotupwa na Undertaker kutoka juu ya tundu la chuma, kimo cha kama mita tano, akaangukia meza ya watangazaji. Alipoinuliwa alirudi akapanda tena, akaanguka tena, safari hii kupitia paa la tundu lenyewe. Mshindi alikuwa amepangwa. Anguko lile la pili, jinsi lilivyokuwa, halikuwa limepangwa. Foley anaeleza hayo kwa mzaha, na mzaha wake ndio unaoumiza, kwa sababu nyuma yake unamwona mke anayeangalia na watoto wanaomsubiri baba. Kasoro yake ni urefu. Utani mwingine unarudiwa mpaka unachujuka, na mhariri mkali angempunguzia robo nzima. Hata hivyo sijasoma maelezo bora ya mtu anayeupenda mchezo unaomla.

Cha pili ni Hitman cha Bret Hart, cha mwaka 2007. Hart ni Mkanada wa Calgary, mwana wa Stu Hart, ambaye chini ya nyumba yake palikuwa na chumba cha kufundishia mieleka. Kwa miaka mingi Bret alijirekodi sauti akiwa safarini, kila siku na matukio yake, na kumbukumbu hizo ndizo zilizokuwa kitabu. Ndiyo maana kina uzito wa shajara: tarehe zipo, miji ipo, kinyongo nacho kipo kibichi. Kiini chake ni usiku wa tarehe 9 Novemba 1997 mjini Montreal. Hart alikuwa bingwa na alikuwa anahama kampuni. Walikuwa wamekubaliana jinsi pambano litakavyokwisha. McMahon akaamuru kengele ipigwe wakati Hart amekamatwa na Shawn Michaels bila kusalimu amri, na mkanda ukampotea mbele ya umma wa nchi yake. Mtu wa nje atacheka: amenyang'anywa ushindi wa kuigiza! Lakini yeyote aliyewahi kulumbana kwa mashairi atamwelewa. Kanuni za malumbano ni makubaliano pia, na anayezivunja hajaidanganya hadhira peke yake. Amemsaliti mwenzake wa ulingoni.

Miezi kumi na minane baadaye, tarehe 23 Mei 1999, mdogo wake Owen alikuwa akishushwa kwa kamba kutoka darini katika ukumbi mmoja wa Kansas City. Kifaa kikafyatuka, akaanguka, akafa. Wengi ukumbini hawakutambua mara moja kama lile lilikuwa sehemu ya onyesho. Onyesho likaendelea. Sura za Hart kuhusu siku hizo nilizisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nasikia sauti za shangazi zangu wakihesabu ng'ombe.

Hapa nichepuke kidogo kwa ajili ya wapenzi wa msamiati. Wanamieleka wa Marekani wana neno lao la siri, kayfabe, kwa desturi ya kutotoa nje kwamba mambo yamepangwa: mahasimu wasionekane wakila pamoja, aliyeigiza kuvunjika mkono atembee ameufunga hata sokoni. Tuliiteje? Kiini macho hakifai, maana humfanya mtazamaji kuwa mjinga, naye si mjinga. Geresha inaleta harufu ya utapeli. Maigizo yanapoteza ile siri. Mimi nimekuwa nikitumia miiko ya ulingo, kwa kuwa mwiko hulindwa na waliomo, na anayeuvunja hutengwa. Aliye na bora zaidi alilete, nitalipokea kwa mikono miwili.

Roland Barthes ni mfupi, na mshairi asimkose. Insha yake juu ya mieleka ya Paris, iliyotoka kwanza mwaka 1952, ndiyo inayofungua kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957. Kwa Kiingereza ilitafsiriwa na Annette Lavers mwaka 1972. Hoja yake ni kwamba mtazamaji wa mieleka haendi kubahatisha nani atashinda. Anakwenda kuona mateso, hila na haki vikiwa wazi mwilini mwa watu, kila ishara ikisema maana yake yote papo hapo. Naona hoja hiyo inatuhusu. Msikilizaji wa shairi la vina anajua kina kitaangukia wapi, anazijua mizani kumi na sita za mshororo kabla hujafungua kinywa. Raha yake ni kuona utafikaje pale anapokujua. Hata kibwagizo chetu kinatokana na kubwaga, kama mtu ambwagavyo mwenzake chini. Ila Barthes ameketi mbali na ulingo. Kwake maumivu ni ishara tu, na sikio la Foley lingemtia taabu.

Ringmaster cha Abraham Josephine Riesman, cha mwaka 2023, ni maisha ya McMahon yaliyochimbuliwa kwa bidii kubwa, tangu utoto wake wa dhiki huko North Carolina. Nakisifu kwa utafiti. Nakipunguzia kwa kutaka kuyaeleza maradhi yote ya siasa za Marekani kupitia mtu mmoja. Anayetaka elimu ya chuo asome The World of Lucha Libre cha Heather Levi, cha mwaka 2008, juu ya mieleka ya vinyago ya Mexico. Mwandishi alijifunza kuipigana mwenyewe, na inaonekana.

Msomaji ataniuliza: na sisi je? Kinshasa wanamieleka wa mchezo uitwao catch hupanda ulingoni na uganga wao hadharani, na mpinzani huanguka kwa hirizi badala ya ngumi. Mjomba angewaelewa bila mkalimani. Mukono nchini Uganda vijana wanacheza kwenye ulingo wa udongo, wakiongozwa na Daniel Bumba, Bumbash, na video zao zimezunguka dunia. Kitabu cha kushika mkononi juu ya hao sijakiona. Juu ya ngoma zetu vipo viwili ninavyovithamini, vyote vya mkono wa mgeni na vyote kwa Kiingereza. Mashindano!, kilichohaririwa na Frank Gunderson na Gregory Barz na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2000, kimekusanya insha juu ya mashindano ya ngoma, kwaya na muziki Afrika Mashariki. Sukuma Labor Songs cha Gunderson, cha mwaka 2010, kimehifadhi zaidi ya nyimbo 300 za kazi, kwa Kisukuma na tafsiri, pamoja na maelezo ya waimbaji. Hicho cha pili ni hazina, na bei yake inamfukuza mtu yeyote wa huku. Nilikisoma kwa kuazima, kwa siku tisa.

Kinachokosekana ni kitabu cha Foley wetu. Manju aliyekaa uwanjani miaka thelathini, aliyejua lini kukaza wimbo na lini kumwachia nyoka, aliyelipa mganga na kumficha mkewe risiti, hajaandika. Mjomba hakuandika. Msomi atatueleza dawa ilimaanisha nini katika jamii, lakini goti lilivyouma asubuhi ya pili ya mashindano, wakati upande wa pili wameshaanza kupiga, hilo hulijua mwenye goti.

Yupo mzee mmoja upande wa Itilima, Mgika, hasimu wa mjomba wa miaka ile, ambaye amekubali nikae naye baada ya mavuno haya. Ameweka masharti mawili. Niandike kwa Kiswahili na nyimbo zibaki kwa Kisukuma, na pale nitakapofika kwenye mambo ya dawa nisimwulize kama ni kweli. Nimenunua madaftari sita. Kitabu cha Foley nimekiazimisha kwa kijana wa kibanda umiza, ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Amefika ukurasa wa arobaini, na anadai nisimwambie mbele kuna nini.