Rangi ya Wingu la Orioni

Nawasimulia walimu wanafunzi somo moja la Sayansi nililoliharibu mwenyewe.

Ilikuwa usiku wa Januari, katika shule ya msingi karibu na Dodoma. Naliwakusanya wanafunzi wa Darasa la Sita uwanjani tulitazame Wingu la Orioni, lile wingu kubwa la gesi lililo kando ya nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Majira hayo hupita karibu na utosini kwetu, na darubini ndogo ya macho mawili yatosha kulitazamia.

Mchana nilikuwa nimewaonyesha picha yake kitabuni, nyekundu kama makaa. Niliwaeleza kwamba liko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 1,300, na kwamba nyota changa zilizo ndani yake, kwa ukali wa joto lao, hutoa miale ya urujuanimno inayozipokonya atomi za hidrojeni elektroni zake. Elektroni zinaporudi, hutoka nuru nyekundu. Yote hayo ni kweli.

Darubini ilipokwisha kuzunguka nikauliza, "Mmeona rangi gani?"

"Nyekundu, Mwalimu!" wakajibu kwa pamoja.

Msichana mmoja akasema, "Mimi nimeona kama moshi wa kijivu."

Nikamwamuru atazame vizuri. Akatazama, akanirudishia darubini, akasema kwa sauti ndogo, "Nyekundu."

Walipokwenda kulala nikatazama mwenyewe. Nikaona moshi wa kijivu.

Gizani jicho la binadamu halitambui rangi katika nuru hafifu kiasi hicho. Kamera huikusanya nuru hiyo kwa muda mrefu, ndipo wekundu ukajitokeza. (Galileo naye alizichora nyota za sehemu hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1610, asilionyeshe wingu hilo kabisa, mwaka huohuo Mfaransa Peiresc akaliona.)

Asubuhi niliwagawia karatasi, kila mmoja achore alichokiona. Yule msichana alichora wingu jekundu. Hapo ndipo nilipofadhaika. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba jana yeye ndiye aliyesema kweli, na mimi ndiye niliyekosa. Alikitazama kitabu, kisha akanitazama mimi, asiseme neno.

Tangu siku hiyo, hatua ya kwanza katika andalio langu la somo hilo ni kutazama na kuchora. Picha ya kitabuni hukaa kabatini hadi kesho yake.