Maji Kwanza

Jioni moja katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, fundi mmoja wa magari alirejea nyumbani kutoka karakana ya jirani, mkono wake wa kulia ukitetemeka. Alikuwa amefungua kifuniko cha rejeta ya gari lililokuwa bado lina moto, na maji yaliyochemka yakamrukia kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko.

Bomba lilikuwa kavu tangu asubuhi, na nyumbani palisalia madumu mawili ya maji. Jirani, bibi aliyeheshimiwa na mtaa mzima, akafika na dawa ya meno. "Mpake, mwanangu," alimwambia mke wa fundi. "Maji yatamtoa malengelenge."

Mke alisita. Kumkatalia mkubwa si adabu, na maji yale ndiyo ya kupikia na ya kutawadhia. Hatimaye akasema kwa upole, "Niwie radhi, mama. Maji kwanza."

Akamvua mumewe pete kabla vidole havijavimba, akaweka beseni, akammiminia maji kwa kikombe, pole pole, kwa muda wa dakika 20. Dumu la kwanza likaisha, la pili likafunguliwa.

Alitenda sawasawa. Ngozi iliyoungua hubaki na joto ndani yake, nalo huendelea kuichoma hata moto ukishaondoka. Maji safi ya baridi huliondoa joto hilo na kutuliza maumivu. Hata yakichelewa, bado yana faida ndani ya saa 3. Barafu huidhuru ngozi. Dawa ya meno, samli na unga huchafua kidonda na kumzuia mganga asikione vema.

Kisha mkono ukafunikwa kwa kitambaa safi, bila kupasua lengelenge hata moja, wakaenda hospitali. Ndivyo ipasavyo kwa mtu mzima aliyeungua mahali papana kuliko kiganja chake mwenyewe, au aliyeungua uso, mikono, miguu, viungo au sehemu za siri. Kadhalika aliyeunguzwa na umeme au tindikali, au ambaye ngozi yake imekuwa nyeupe au nyeusi bila kuuma.

Waliporejea usiku, sufuria ya wali ilikuwa mlangoni, na kando yake dumu lililojaa maji. Bibi jirani alikuwa amekwisha kwenda kulala.